Ufadhili Unaoanza kwa Deni

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ifutwe katika barua za ufadhili wa utafiti zinazotumwa kwa wanafunzi wa huku kwetu. Huandikwa kwa upole, kwa kawaida katika aya ya tatu au ya nne, baada ya pongezi na kabla ya "tunakusubiri kwa hamu". Inasema: gharama zako za safari ya mafunzo elekezi utarejeshewa baada ya safari, ukishawasilisha risiti.

Utarejeshewa. Hakuna anayerejeshewa kitu ambacho hakukitoa kwanza. Ukiivua sentensi hiyo adabu zake, ukaisema kwa Kiswahili cha gengeni, inasema hivi: sisi wenye jengo, wahasibu na bajeti ya miaka mitano, tunakuomba wewe unayeishi kwa posho ya kusimamia maabara utukopeshe nauli. Bila riba. Tutakulipa tukipata nafasi.

Naliweka wazi ninaloamini. Maandalizi ya safari hizi ni mtihani wa pili wa kuingia, ambao haukutangazwa popote. Mtihani wa kwanza unapima andiko lako la utafiti. Wa pili unapima ukoo wako: una mjomba mwenye ng'ombe? Mama yako yumo kwenye kikoba? Una rafiki mwenye ajira ya kudumu? Ukifeli huu wa pili, hakuna atakayekumbuka kwamba ule wa kwanza uliufaulu.

Nasoma shahada ya uzamivu ya botania katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Nilipata ufadhili wa utafiti wa mwaka mmoja kutoka taasisi moja ya Ulaya. Kazi yenyewe iko Usambara Mashariki, kwenye misitu iliyo juu ya Muheza nilikozaliwa, lakini ufadhili hufunguliwa kwa mafunzo elekezi ya siku nne huko kwao: kutambulishana, kuelezwa taratibu za fedha, kuonyeshwa hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Usipohudhuria, fedha za utafiti hazitoki. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa kwenye barua, kwa wino uleule.

Naweka hesabu yangu hapa kwa sababu mazungumzo ya ufadhili hupenda maneno makubwa na huogopa tarakimu. Pasipoti, shilingi 150,000. Bima ya safari, 110,000. Ada ya viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, kwa bei ya euro ya siku ile ilikuwa 261,000. Ada ya kituo kinachopokea maombi ya viza, 95,000. Tiketi ya ndege, 2,850,000. Picha, nakala, kiapo cha mama kwa wakili kwa kuwa yeye hana cheti cha kuzaliwa, na koti la baridi la mtumba, 180,000. Jumla ni shilingi 3,646,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini, kilichoanza kulipwa Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kabla sijafundishwa namna ya kujaza fomu ya matumizi, nilitakiwa niwe nimeweka mezani zaidi ya mishahara saba ya mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini, na mimi hata mtumishi sijawa.

Fedha hizo zilitoka wapi? Akiba yangu yote ilikuwa 546,000. Mjomba aliuza ndama wawili, akanipa milioni moja, na hakuuliza zitarudi lini kwa sababu alijua kwamba sijui. Wenzangu wawili wa maabara walichanga 600,000. Milioni moja na nusu iliyobaki mama aliikopa kwenye kikoba chake cha Muheza, wanawake ishirini na wawili wanaouza machungwa, maandazi na vitenge, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Alipowaeleza ni ya nini, mmoja aliuliza, "Kwani hao Wazungu wamemwita bila nauli?" Mama hakuwa na jibu. Nami sina mpaka leo.

Mkopo huo ulikaa miezi minne, kwa sababu marejesho yalifika wiki kumi na moja baada ya mimi kurudi. Riba ilikuwa 75,000 kila mwezi, jumla 300,000. Niliiandikia ofisi ya fedha ya taasisi, nikaambatisha picha ya daftari la kikoba lenye saini ya mweka hazina. Nikajibiwa kwa heshima kwamba riba si gharama ya safari. Nauli nayo ilikuwa na ukomo: wangerejesha hadi euro 850, na tiketi yangu ilikuwa imezidi kwa karibu shilingi 385,000. Ilizidi kwa sababu viza ilitoka siku nne kabla ya kuondoka, na siku nne kabla ya kuondoka hakuna tiketi ya bei nafuu. Basi ukitaka kujua nani alifadhili mafunzo elekezi yale, waandike pia wanawake wa kikoba cha Muheza. Nembo yao haikuwepo ukutani.

Sasa tazama jambo hili. Hoteli tuliyolala ilikuwa imelipwa mapema. Chakula kilikuwa kimelipwa mapema. Basi la kututoa hotelini hadi ukumbini lilikuwa limelipwa mapema. Hakuna aliyemwambia mwenye hoteli, "Tulaze wageni wetu kwanza, wakishaondoka tuletee risiti tuzihakiki." Asingekubali, na wao wanajua asingekubali. Kulipa mapema, kumbe, wanaweza sana. Wanalipa mapema kila mahali penye mtu anayeweza kukataa. Mwanafunzi hawezi kukataa, ndiyo maana yeye ndiye anayekopwa.

Sentensi ile haiishii kwenye mfuko tu. Inaingia mpaka ndani ya ubalozi. Anayeomba viza anatakiwa aonyeshe kwamba anao uwezo wa kujikimu safarini na kurudi kwao. Ni takwa la kawaida, na mwenyeji anaweza kulibeba: akiandika kwamba tiketi, malazi na chakula ni juu yake na vimekwisha kulipwa, swali la uwezo limejibiwa kwa sehemu kubwa. Lakini barua inayosema "atarejeshewa" inamwambia ofisa wa viza kwamba anayegharimia safari hii, kwa leo, ni mimi. Hapo ofisa ana kila sababu ya kuifungua taarifa yangu ya benki. Na taarifa yangu ya benki ni kama ya wanafunzi wengi ninaowajua: posho inaingia saa nne asubuhi, saa kumi jioni imekwisha kwenda kwa mwenye nyumba, kwa mdogo wangu anayesoma, na kwa mwenye duka.

Hapo ndipo wanapoingia washauri. Kila chuo kinao. Wanaita "kunenepesha akaunti": unaazima milioni kadhaa kwa watu, unaziweka benki zikae, unachukua taarifa, unazirudisha. Mtaani wapo wanaoazimisha kwa kazi hiyo hiyo na kudai fungu lao. Nilishauriwa hivyo na watu watatu tofauti kwa wiki moja, wote wasomi, wote wenye nia njema. Sikufanya. Lakini siwezi kuwahukumu wanaofanya, kwa sababu nimeona wanachoogopa. Ninayemhukumu ni aliyewafikisha hapo. Siku ya pili ya mafunzo elekezi yetu kulikuwa na somo la saa tatu kuhusu maadili ya utafiti: usighushi data, usipambe matokeo. Mwezeshaji alilifundisha vizuri. Ila mtu mzima aliyeambiwa na mazingira kwamba njia ya kufika kwenye somo la uaminifu ni kupamba taarifa ya benki, somo la kwanza ameshalipata kabla hajapanda ndege, na limemkaa kuliko hilo la pili.

Tuje kwenye ada ya viza. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, kifungu cha 16, inataja watu wasiotakiwa kutozwa ada hiyo. Wamo wanafunzi, wakiwemo wa shahada za juu, wanaosafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo. Wamo watafiti wanaosafiri kufanya utafiti wa kisayansi au kushiriki semina na mikutano ya kisayansi. Imeandikwa, haihitaji kuombewa. Nilikwenda kwenye miadi na nakala ya kifungu hicho mkononi. Dada wa dirishani alinisikiliza, akaisoma barua yangu ya mwaliko, akaniambia kwa sauti ya chini kama anayeniepusha na aibu: "Kaka, hapa wameandika wewe ni mgeni mwalikwa kwenye tukio. Hawajaandika mtafiti. Hawajaandika mafunzo."

Alikuwa sahihi. Barua ilikuwa imetungwa na ofisi ya matukio, ile inayoalika pia wasanii na wageni wa karamu za mwaka. Niliwaandikia waibadilishe maneno mawili. Ilichukua siku tisa, na kwa kuwa miadi mingine ilikuwa baada ya wiki tatu, sikuwa na siku tisa. Nililipa. Shilingi 261,000 kwa maneno mawili ambayo hayakumgharimu chochote mtu wa kuyaandika.

Na muda? Kanuni hiyo hiyo inaruhusu maombi yapelekwe hadi miezi sita kabla ya safari. Uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 15, lakini unaweza kuongezwa hadi siku 45. Barua yetu ya kukubaliwa ilitufikia wiki saba kabla ya mafunzo. Wiki saba ni siku 49. Toa 45, unabakiwa na siku nne za kupata pasipoti, miadi, bima, na milioni tatu na ushei. Taasisi inayopanga tarehe za mkutano wake mwaka mzima kabla, halafu ikawaambia washiriki wiki saba kabla, imekula miezi minne na zaidi ya muda wao. Kisha ndege inapopanda bei, ukomo wa nauli unamwangukia aliyecheleweshwa.

Najua majibu. Nimeyasikia kutoka kwao na, kwa uchungu zaidi, kutoka kwetu.

La kwanza ni kwamba wahasibu hawakubali. Fedha ya umma hailipwi kabla ya huduma, wakaguzi watauliza. Ninaheshimu ukaguzi wa hesabu. Lakini huku kwetu, katika ofisi ya halmashauri yenye feni moja na kabati lisilofungika, mtumishi akitumwa safari hupewa masurufu. Anapewa kabla, anasafiri, akirudi anayarejesha kwa maelezo na vielelezo, na asipoyarejesha anakatwa. Utaratibu huo una fomu yake, una vitabu vyake, na mkaguzi anaujua. Kama halmashauri inaweza, taasisi ya Ulaya inaweza. Na kama wanaogopa mtu atakimbia na fedha taslimu, wasimpe fedha taslimu. Wanunue tiketi wenyewe kwa jina lake. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutoroka na tiketi ya ndege yenye jina lake akaenda kuiuza Kariakoo.

La pili ni kwamba tushukuru. Nashukuru. Shukrani yangu nimeiandika mara nne kwa barua pepe na mara moja mbele ya watu. Lakini shukrani isigeuzwe gundi ya kuziba mdomo. Jirani akikualika harusi kisha akakuomba umkopeshe mchele wa kupikia pilau hiyo hiyo, utakwenda harusini, utakula, utampongeza, na bado utakuwa na haki ya kusema kwamba mwaliko ule ulikuwa na kasoro.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: mbona wengine wameweza? Wengine wameweza kwa sababu mnawahesabu waliofika. Ukumbini kila mshiriki alikuwa na kitambulisho cha kuvaa shingoni, vimepangwa mezani kwa alfabeti. Kimoja kilibaki pale siku zote nne. Kilikuwa cha mwenzetu kutoka nchi jirani, anayetafiti samaki wa ziwani, ambaye tulikuwa tumeanza kuandikiana. Nchini kwake hapakuwa na ofisi ya kupokea maombi ya viza ya nchi tuliyokuwa tukienda. Ilimbidi asafiri mpaka nchi nyingine kutoa alama za vidole, alale huko, kisha arudi tena kuchukua pasipoti. Nauli ya basi, gesti, siku za kazi zilizopotea, vyote mbali na hesabu kama yangu. Alipiga mahesabu wiki mbili, kisha akawaandikia kwamba hataweza kufika, kwa sababu za kibinafsi. Taarifa ya mafunzo tuliyotumiwa baadaye inasema: mshiriki mmoja alijitoa.

Hakujitoa. Alitolewa, na kilichomtoa ni ile aya ya tatu ya barua yake. Aliandika "sababu za kibinafsi" kwa sababu umaskini tunafundishwa kuuficha kama ugonjwa wa aibu, na ofisi ile ikayapokea maneno hayo kwa furaha kwa kuwa yaliifutia lawama. Andiko lake lilikuwa bora kuliko la kwangu, nililisoma. Samaki wale wataendelea kupungua bila yeye kuwahesabu.

La nne husemwa na wenye busara: kwa nini safari yenyewe isifutwe, mafunzo yakafanyika kwa mtandao? Mimi siombi safari ifutwe. Naihitaji, na sababu yake ni ya zamani kuliko mimi.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, alipeleka kwao Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, aliliandika kitaalamu na kulipa jina la aliyelituma: Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu vya dirishani duniani kote, wakati huku kwetu ndugu zake kadhaa wamo hatarini kutoweka kwa kuwa misitu yao imepungua. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti pale Amani, na mimea ya Usambara ikaendelea kukaushwa, kubandikwa kwenye karatasi na kupakiwa melini. Kila spishi mpya ina sampuli moja ambayo jina lake limefungwa nayo. Ukitaka kuwa na hakika kwamba mmea ulioushika ni huo na si mwingine, ni lazima ulinganishe na sampuli hiyo. Nyingi za kwetu zilihifadhiwa Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 hifadhi ya Dahlem ilipigwa mabomu ikaungua, na sehemu kubwa ya mimea hiyo ikateketea. Tangu hapo mtafiti wa Usambara anatafuta nakala zilizobaki, moja mji huu, nyingine mji ule. Picha za mtandaoni zinasaidia, lakini vinyweleo vya chini ya jani na umbo la mbegu vinahitaji hadubini na mkono.

Kwa hiyo mimi lazima niende, kwa sababu mimea ilitangulia. Ilikwenda bila kiapo cha mzazi na bila kuulizwa itarudi lini. Mimi niliyezaliwa chini ya mlima ilikotoka ndiye ninayetakiwa kuthibitisha kwamba nitarudi. Sisemi hivyo kudai kwamba viza ifutwe kwa ajili yangu. Kila nchi ina mlango, na sisi pia tunao. Mtafiti wa kigeni akija kukusanya majani Amani anatakiwa apate kibali cha COSTECH na akilipie, na ni haki yetu. Lakini sijawahi kukutana na mwanafunzi wa Ulaya pale Amani ambaye bibi yake alikopa kwenye kikundi cha wauza maandazi ili alipie kibali hicho. Chuo chake kilikilipia, na sehemu kubwa ya gharama zake ilikuwa imepangwa kabla hajapanda ndege. Wenyewe kwa wenyewe wanaelewa kwamba mwanafunzi si benki. Wakivuka bahari kutuandikia sisi, wanasahau.

Na sisi huku tusijifiche nyuma ya Wazungu. Vyuo vyetu hupenda kutangaza kwenye kurasa zao kwamba mwanafunzi wao amepata ufadhili wa kimataifa. Picha yangu ilibandikwa siku ile ile. Nilipokwenda kuuliza kama kuna mkopo mdogo wa muda wa kuvusha wiki chache, niliambiwa hakuna kasma ya jambo hilo. Mfuko wa kuzunguka wa milioni kumi tu, unaokopesha nauli kwa barua ya ufadhili na kulipwa marejesho yakifika, ungewatosha wanafunzi watatu kwa mara moja. Hizo ni fedha za semina moja ya siku mbili hotelini, na hotelini, kama nilivyosema, watu hulipa mapema.

Tena kuna walimu wetu. Wengi wao walipita njia hii miaka ishirini iliyopita, wakauza, wakakopa, wakafika, wakarudi na shahada. Leo wanaisimulia kama hadithi ya ushujaa: "Mimi nilikwenda na dola arobaini mfukoni." Tunacheka, tunawapigia makofi. Lakini dhiki ambayo mtu aliishinda haigeuki kuwa mtaala. Profesa aliyeuza baiskeli ya baba yake ili apate nauli alitakiwa awe wa kwanza kuwaandikia wafadhili, kwa barua yenye muhuri, kwamba hili lisiendelee. Neno lake lina uzito kuliko langu. Akikaa kimya, kimya chake kinahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Ninachotaka ni kidogo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji fedha mpya, kwa sababu fedha hizi hatimaye wanazitoa wenyewe. Wanunue tiketi na bima moja kwa moja. Waandike kwenye barua ya mwaliko kwamba huyu ni mwanafunzi wa shahada ya juu, mtafiti, anakuja kwa mafunzo, na gharama zake zimelipwa; maneno hayo yanaondoa ada ya viza na nusu ya maswali ya ubalozini. Watoe majibu ya maombi miezi mitano kabla. Vile vidogo visivyokwepeka, kama pasipoti na nauli ya kwenda kwenye miadi, wavitolee masurufu, na wakubali maelezo yenye saini mahali ambapo risiti haipo, maana bodaboda wa Ubungo hana mashine ya risiti. Na mwaka mmoja katika kila miwili, mafunzo elekezi yafanyike huku. Amani ina nyumba ya wageni, ina msitu, na ina mvua ya kumkaribisha mtu vizuri. Waje wao na wahasibu wao, waone risiti ya muuza machungwa ilivyo.

Kwako uliyepata barua wiki hii na umekaa nayo kitandani huku hujui umwambie nani kwanza: kabla hujampigia mjomba, waandikie wao. Uliza mambo matatu kwa lugha ya kawaida. Tiketi mnanunua ninyi? Barua ya viza mtanieleza kama nani? Kama kuna cha kulipa mwanzoni, masurufu yanatoka lini? Usiombe radhi kwa kuuliza. Wakijibu vibaya, tunza jibu hilo, mwoneshe mkuu wa idara yako, mwombe aandike naye. Mimi nimeshawaandikia wa kwangu, nikaambatisha hesabu yote niliyoiweka hapa, pamoja na ile riba. Walijibu kwamba wamepokea maoni yangu na watayazingatia katika awamu ijayo. Awamu ijayo imetangazwa mwezi huu. Nimelisoma tangazo mpaka mwisho, na aya ya nne iko vilevile. Jana nimewaandikia tena, na safari hii barua imesainiwa na washiriki kumi na mmoja kati ya kumi na wanne tuliofika, pamoja na yule mmoja ambaye hakufika.